Klachi Mbili, Goti Moja

Waliosoma wiki iliyopita wameshanicheka, na wawili walinisimamisha barabarani ili wanicheke ana kwa ana. Ambao hamkusoma, pokeeni kwa ufupi msije mkaachwa nyuma.

Mimi ni mtahini wa madereva. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nakaa kiti cha abiria, kalamu mkononi, nikitazama watu wazima wakitetemeka. Kazini wananiita Kalamu Nyekundu, na msidhani ni jina la mapenzi.

Mke wangu amestaafu majuzi. Maisha yake yote ya kazi alitunza mafaili ya wagonjwa hospitalini, na kwa kiinua mgongo chake ameamua kununua gari la spoti. La milango miwili. Watoto wamepinga, majirani wamecheka, yeye ametia pamba masikioni.

Yadi ya magari wanayo mawili, yamefanana kama mapacha. Jekundu ni la gia za mkono. La kijivu ni otomatiki, ile ya klachi mbili. Yeye roho yake iko kwa jekundu.

Mimi nimeyasimanga magari ya otomatiki tangu ujana wangu, mezani, kazini, hata misibani. Gari linaloendesha dereva, ndivyo nilivyozoea kusema. Sasa wiki tatu zilizopita daktari alilikunja goti langu la kushoto, akalikunjua, akasikiliza linavyolia, akaniambia, "Mzee, klachi basi." Maana yake ni kwamba jekundu likinunuliwa, mimi nitaliosha tu. Na huyo daktari sijamtaja nyumbani hata kwa bahati mbaya; bahati nzuri mke wangu hasomi safu hii.

Hapo ndipo tulipoachana. Twendeni yadi.

Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, tai imemkaba, tabasamu limemtangulia. Aliponiona tabasamu likasita.

"Shikamoo, mzee. Samahani, wewe si Kalamu Nyekundu?"

"Marahaba. Inategemea anayeuliza."

"Uliniangusha mara mbili."

"Basi ulistahili."

"Ya kwanza nilistahili," alisema kwa adabu zote.

Mke wangu alicheka mpaka akashika boneti ya gari la watu. "Karibu chamani, baba. Mimi aliniangusha tatu. Nikaona isiwe taabu, nikaolewa naye."

Hadithi hiyo tunaisimulia kila penye harusi. Binti alifeli kwa mtahini mkali mara tatu, mara ya nne akapelekwa kwa mtahini mwingine kwa sababu yule mkali alishaanza kupeleka posa. Watu hucheka sana. Mimi hucheka zaidi, kisha huomba maji.

"Tuanze na la kijivu," nikasema, haraka kidogo kuliko nilivyokusudia.

Mke wangu akageuka. "Wewe? Otomatiki?"

"Lazima tulinganishe, mke wangu. Tusiwe watu wa kununua kwa macho."

Muuzaji akapata nafasi yake. "Mama, hii si otomatiki ya zamani ile ya kuvutavuta. Hii ina klachi mbili. Moja imeshika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya pili imeshika ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshajiandaa. Zinapokezana kabla hujapepesa jicho."

"Kama manesi wa zamu," mke wangu alisema.

"Hasa!"

"Klachi mbili zote hizo, na mguu wangu unafanya nini?"

"Unapumzika, mama."

"Umepumzika miaka ishirini na tisa," akajibu, na akanitupia jicho la mzaha ambalo lilinichoma kuliko alivyodhani.

Maana kwetu nyumbani gari limekuwa otomatiki tangu tuoane, kwa ajili yake. Mguu wake wa kushoto hauna akili ya klachi, ndivyo anavyosema mwenyewe. Na mimi nimekuwa nikiyakalia magari hayo hayo pembeni huku nikiyasimanga, mwenyewe nikiendesha la kazini la gia za mkono.

Nilishika usukani wa la kijivu. Muuzaji alijikunja nyuma. Siti ya nyuma ya gari la spoti imetengenezwa kwa ajili ya mkoba na mwavuli, lakini sheria ya yadi ni kwamba muuzaji haachi gari lake, kwa hiyo alikaa magoti yakigusa kidevu.

Wasomaji, ukweli usemwe. Lile gari ni tamu. Nilikanyaga kidogo tu likaondoka, gia zikapanda moja baada ya nyingine bila mtikisiko, nikaanza kuimba sifa zake.

"Umesikia hiyo? Imeingia ya tatu! Umesikia? Hujasikia! Ndiyo uzuri wake. Na ukitaka kubadili mwenyewe, kuna vibonyezo hivi nyuma ya usukani, kidole tu. Hakuna binadamu anayebadili gia kwa kasi hii. Hata mimi."

"Hata wewe," alisema mke wangu. "Leo mvua itanyesha."

Tukakaribia makutano. Taa ikawaka nyekundu. Na hapo mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukaenda kutafuta klachi.

Klachi haikuwepo. Ulikuwepo ukingo wa pedali ya breki, pana kama sinia, nami nikaukanyaga kwa nguvu zangu zote.

Gari likasimama palepale. Kichwa cha muuzaji kikagonga kiti changu. Honi zikalia nyuma. Na goti langu, lililopokea kishindo chote, lilinitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya mke wangu.

"Una nini?"

"Kiatu."

"Kiatu kimekuliza hivyo?"

"Kimenibana. Vidoleni."

"Mtahini wa miaka thelathini na moja," alisema akijifuta machozi ya kicheko, "amekanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Kalamu iko wapi? Nipeni kalamu nimwandike!"

"Kosa hilo kwenye mtihani ni kuanguka moja kwa moja, mama," sauti ilisema kutoka nyuma. Huyo ni yule aliyekuwa na adabu.

Tukabadilishana. Mke wangu aliliendesha la kijivu hadi yadi, taratibu, bila kosa. Nilimwangalia usoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Unaonaje?"

"Zuri," alisema. "Linafanya kila kitu. Nimekaa humu kama mgeni aliyeambiwa asiguse vyombo."

"Lakini ni la kisasa."

"Baba watoto, nimekaa na mafaili maisha yangu yote. Nataka kitu ambacho kikienda, najua ni mimi nimekipeleka. Hebu nijaribu jekundu. Likinishinda, nakuahidi, nachukua hili lako la kijivu na sitalalamika."

Shikeni ahadi hiyo. Moyo wangu uliishika palepale.

Kwenye geti la yadi jekundu likamzimikia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Akaliwasha, likamzimikia tena. Nikageuzia macho dirishani ili asione uso wangu.

Mara ya tatu likaondoka.

Nimekaa na madereva elfu na elfu. Huwa najua ndani ya dakika moja. Kuna wanaopigana na gari na kuna wanaosikilizana nalo. Huyu mwanamke alikuwa anasikilizana nalo. Gia ya pili iliingia kama kisu kwenye siagi, ya tatu hivyohivyo, na alipopunguza kasi kwenye kona alirudi ya pili bila gari kushtuka. Miaka ishirini na tisa hajagusa klachi, na mguu ulikuwa unakumbuka kila kitu.

Nyuma, muuzaji alisema polepole, "Mama, wewe umewahi kuendesha mashindano?"

"Niliwahi kufeli," alisema mke wangu, akacheka. Lakini shingo yake ilikuwa imenyooka. Sijamwona amenyooka hivyo tangu tuzae mtoto wa mwisho.

Kisha, bila kuniuliza, akakata kona kuelekea kilima cha mtihani.

Mnakijua kilima cha namna hiyo, kila mji unacho. Kimesimama kama ngazi, na juu kabisa kuna alama ya kusimama. Ndipo tunapowapima watu kuondoka na gari bila kurudi nyuma. Pale nimeona wanaume wenye ndevu wakimwita mama.

Hapa itabidi niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. La goti ni dogo.

Mara ya kwanza mke wangu alifeli kwa haki, aligonga fito za maegesho. Mara ya pili alifeli kwa haki, alisahau taa ya kuashiria. Mara ya tatu alikuja amevaa kitambaa cha bluu kichwani, akanisalimia, akaendesha bila dosari mtihani mzima. Kilimani alisimama, akaondoka, na gari halikurudi hata unene wa ukucha.

Akasimamisha gari uwanjani, akanigeukia akitabasamu. Nikatambua kwamba nikimpa leseni sitamwona tena.

Nikaandika: gari lilirudi nyuma kilimani.

Basi. Nilimwangusha ili arudi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na akili ya mtoto wa tisa. Nikajiambia ni wiki nne tu hadi mtihani mwingine, wiki nne si kitu.

Sasa tulikuwa kilimani pale pale, yeye kwenye usukani, mimi kiti kile kile cha pembeni. Alisimama kwenye alama, akavuta handbreki. Mikono ikaanza kumtetemeka.

"Hapa ndipo liliponirudi," alisema.

Nikaanza kukaza mkanda ambao ulikuwa umekazwa tayari.

"Nauliza jambo, na sitaki utani. Barabara ya tambarare imenikubali. Lakini nyumbani kwetu ni mlimani. Kama mguu wangu kweli hauwezi kilima, kuzimikiwa tu si neno, lakini siwezi kurudi nyuma nikamgonga mtoto wa mtu. Wewe ndiye pekee uliyeniona hapa; yule wa mara ya nne hakunileta kilimani. Siku ile sikusikia likirudi. Mpaka leo sijaelewa. Mara ya tatu, nilikosea nini?"

Wasomaji wangu, niliwekewa sahani mezani, mikono nimeshanawishwa. Nilichotakiwa kusema ni maneno matano. *Lilirudi kidogo tu, mke wangu.* La kijivu lingekuwa letu kabla ya saa sita. Goti langu lingestarehe, ningeendesha hadi uzeeni, na hadithi yetu ya harusini ingeendelea kuchekesha watu.

Nilifungua mdomo niyaseme. Nikaona ile mikono inavyotetemeka kwenye usukani.

"Hukukosea kitu," nikasema.

"Nini?"

"Halikurudi. Ulipasi. Niliandika limerudi."

Nyuma, muuzaji alikohoa. Nikakumbuka kwamba gari lina milango miwili tu na yeye hana hata mmoja.

"Baba," mke wangu alimwambia bila kugeuka, "ziba masikio."

"Nimeziba, mama."

"Kwa nini uliandika?" Swali hilo lilikuwa langu.

"Nilitaka urudi."

"Ungeniuliza ninapokaa. Ungeniomba hata tukanywe chai."

"Niliogopa."

"Wewe! Watu walikuwa wanatapika kabla ya kupanda gari na wewe, halafu wewe ndiye unayeogopa?"

"Nilikuogopa wewe."

Nilidhani hapo atacheka. Alikuwa karibu kucheka, niliona shavu likicheza. Kisha likatulia, na nikajua amefika pale nilipokuwa naombea asifike.

"Ijumaa ile nilikuwa na usaili," alisema taratibu. "Dereva wa ambulensi. Mwanamke wa kwanza hospitali ile. Walitaka leseni mkononi."

"Najua."

"Ulijua siku ile?"

"Siku ile sikujua, naapa. Nilijua baadaye. Tulishaoana mwaka mzima, ndipo uliponisimulia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema pole."

"Ulisema pole," alirudia. "Nakumbuka. Na uliinuka ukaniwekea maji ya kuoga, nikasema moyoni, nimepata mume mwenye huruma."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia katika kiti kile.

"Walinipa kazi ya mafaili," akaendelea. "Ambulensi zikileta wagonjwa, mimi naandika majina. Kila siku nilikuwa naisikia inavyokata kona pale getini, naijua gia aliyopo dereva kwa sikio tu. Nikawa najiambia, mguu wako mbovu, shukuru hata umepata kiti. Miaka ishirini na tisa nimeusema mguu wangu vibaya mbele ya watu. Mbele yako. Na wewe unacheka."

 

Gari jingine lilikuwa limesimama nyuma yetu. Likapiga honi. Mke wangu akafuta uso kwa kiganja, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Mikono haikutetemeka tena. Akaachia handbreki.

Halikurudi hata kidogo.

Alitupeleka yadi. Aliendesha kwa hasira na aliendesha vizuri, na muuzaji, aliyekuwa bado ameziba masikio kama mtu anayetekeleza amri ya mahakama, aliteremshwa akiwa amekufa ganzi miguu yote miwili.

"Nachukua jekundu," alimwambia.

Tukaingia ofisini. Muuzaji alikuwa anajaza fomu ya bima akijitahidi sana asinitazame. Akaandika jina la dereva mkuu. Akasita.

"Dereva wa pili, mama? Tumwandike mzee?"

"Mzee bado hajapasi."

Kalamu ya muuzaji ilisimama hewani. Mimi pia.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," mke wangu alisema, sasa akinitazama, na jicho lilikuwa jekundu lakini halikuwa na baridi. "Utaendesha wewe, nitakaa pembeni mimi. Utaanzia hapa getini, utapanda hadi pale juu, utasimama, utaondoka. Nitaandika ninachokiona. Mimi sitaongeza neno."

"Na nikifeli?"

"Utarudi. Si wewe unayependa watu warudi?"

Muuzaji alijifanya ameangusha kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota kitu.

Na mimi, kwa aibu yangu yote, nilihisi mwili mzima unakuwa mwepesi. Nilidhani atafungasha nguo. Nilidhani ataita watoto kikao. Badala yake alikuwa amenitania, na mwanamke huyu akikutania ujue bado hajakufuta. Itachukua miezi, labda miaka, lakini mlango hajaufunga.

Tulipotoka nje alinisimamisha kati ya yale magari mawili. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hafanyi barabarani.

"Nisikilize. Kilichoniuma si kufelishwa. Ulikuwa kijana, ulikuwa mjinga. Kilichoniuma ni kuishi na mtu ananiangalia naumia, na anajua dawa, na ananyamaza. Hilo la leo nitajifunza kulibeba. La pili sitalibeba. Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Lipo lingine ulilonificha?"

Goti lilikuwa linanigonga ndani ya suruali. Lilikuwa jambo dogo, la kusema kwa pumzi moja. Goti, daktari, klachi basi. Na nilikuwa nimetoka kuona kwa macho yangu kwamba ukweli hauui.

Lakini ningelisema, angeelewa kwa nini asubuhi nzima nilikuwa naimba sifa za la kijivu. Angejua kwamba pale kilimani nilikaribia kumwangusha mara ya nne. Na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunitazama tena kama mumewe.

"Hakuna, mke wangu," nikasema. "Lilikuwa hilo tu."

Akaniamini.